Blanketi la Bibi wa Kilolo

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa inauma hadi kwenye kucha, na mimi nimesimama mbele ya mtambo wa kufumia nikiomba mwalimu wangu asiuguse. Kaa hapa nikusimulie. Nimesikia umeanza kujifunza kufuma, na nimesikia pia kwamba ukikosea hutaki mtu aone. Hilo la pili ndilo limenifanya nikuite.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu Lazaro alikuwa amepata mchumba Kilolo, binti aliyelelewa na bibi yake tangu akiwa mchanga. Sasa unajua mila zetu, upande wa mwanamume hauendi mikono mitupu. Katika vitu tulivyotakiwa kupeleka, kikubwa kilikuwa blanketi la bibi, la kumshukuru kwa kumlea mke wetu. Shangazi yangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, alisema wazi kwenye kikao cha ukoo: "Bila blanketi la bibi haturudi na mtu." Baba akanitazama. Nilikuwa najifunza kufuma kwenye karakana ya akina mama nyuma ya kanisa, basi ikaamuliwa kwamba blanketi hilo nitalifuma mimi. Nilivimba kichwa, nisikufiche. Kijiji kizima kilijua.

Mwalimu wangu alikuwa Mama Sanga, mjane wa Kilutheri mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mitambo yetu ilikuwa myembamba, kwa hiyo blanketi lilifumwa vipande viwili vinavyolingana, kisha vinashonwa katikati. Kipande cha kwanza nilikifuma yeye akiwa ubavuni mwangu, na kila mara alinigonga kidole.

"We binti, unavuta nini? Huyu ni ng'ombe wa plau? Laza uzi kimshazari, ulegee kidogo, ndio ugonge."

Lazima nikueleze kwa nini nilikuwa navuta. Kwetu tunasuka vikapu vya milulu, zile nyasi ngumu za majini. Mama yangu alisuka, bibi yangu alisuka, na mimi nilianza kabla sijaanza shule. Kikapu kizuri ni kile kilichokazwa. Ukilegeza, unga unavuja na watu wanakucheka sokoni. Mikono yangu ilikuwa imefundishwa jambo moja tu maishani, kukaza, na ilikuwa inajivunia. Lakini kitambaa si kikapu. Ukiuvuta ule uzi unaopita kushoto na kulia, zile nyuzi za pembeni zinaingia ndani, na kitambaa kinaanza kukonda bila wewe kujua.

Kipande cha kwanza kilitoka safi. Kisha Mama Sanga akapata msiba Nyololo, akaondoka wiki nzima. Akaniachia kipande cha pili na neno moja: "Taratibu."

Taratibu ya wapi! Nilitaka arudi akute nimemaliza. Mikono ikabaki peke yake, ikarudi kwenye milulu. Siku ya pili uzi mmoja wa pembeni ukakatika kwa kusuguliwa na kitana, kile chanuo cha mtambo cha kugongea uzi. Nikafunga fundo, nikaendelea. Siku ya tatu nikapima kwa kiganja, nikaona upana umepungua vidole vitatu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, mwanangu. Ningefumua kipande kidogo tu, na kabla ya chakula cha mchana ningekuwa nimesharudi pale nilipokuwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu. Kujua methali ni jambo jepesi sana.

Na mtambo una tabia moja inayowapendeza wavivu na waoga: kazi iliyokwisha inaviringishwa kwenye mti ulio mbele yako, haionekani tena. Unabaki unaona ile sehemu ndogo tu unayoifuma leo. Basi nikawa nakosea na kuviringisha, nakosea na kuviringisha. Wenzangu wakipita wananiambia, "Hongera, kazi inaenda!" Nami naitikia asante.

Mama Sanga akarudi Ijumaa hiyo niliyokuambia. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Kamwene," akanisalimu kwa kilugha. "Kazi inaendaje?"

"Nzuri, mama."

"Fungua nione."

Nikasema bado kidogo, asubiri nimalize. Akaikunjua kazi yangu yote polepole, akatandaza kipande cha kwanza juu yake. Mwanzoni vililingana. Kadiri alivyoendelea kukunjua, cha pili kilizidi kujikunyata, hadi mwishoni kikawa kimepungua kiganja kizima. Nililia. Na katika kulia huko nikatamka maneno ninayoyaonea aibu hadi leo:

"Mama, tutaficha kwenye mshono. Yule bibi ni mzee, macho yake hayaoni vizuri. Hatajua."

Mama Sanga akaketi. Alikuwa amenivumilia mambo mengi, lakini siku hiyo uso wake ulibadilika.

"Sikiliza. Kukosea, sijakasirika. Mimi mwenyewe nimevuta mpaka nikakata nyuzi zote za pembeni. Nimekasirika ulivyoviringisha. Na sasa unataka kumpa mama wa watu kitu kibovu kwa sababu haoni? Huyo amemlea mke wa kaka yako bila msaada wa mtu. Mficha uchi hazai, binti yangu. Lete kiti, tufumue."

Tulifumua siku mbili nzima. Sikujua kwamba kufumua kunachosha kuliko kufuma. Hakunisema tena hata mara moja, ila kila nilipochoka aliniletea chai ya maziwa akaendelea yeye. Nilimpenda sana mama yule. Nyuzi za pembeni zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba sehemu moja ilibidi tuikate na kuitupa, na nyuzi nyingine za kutandika upya hatukuwa na muda wa kuzitafuta. Nikafuma tena, kimshazari, kwa kulegeza, nikimsikia akihesabu kwa pumzi. Upana ukatoka sawasawa. Lakini urefu haukutosha, tukalazimika kukikata kipande cha kwanza pia ili vilingane. Blanketi likawa fupi, limepungua karibu mkono mzima. Zuri, lakini fupi.

Kule Kilolo nilikaa nyuma ya shangazi. Kama wangelikataa, Lazaro angerudi nyumbani peke yake mbele ya watu wote, na sababu ingekuwa mimi. Shangazi alipolitoa alianza kulisifu, si unamjua shangazi. Nikaomba kusema. Akanifinya paja. Nikasimama hivyo hivyo.

"Bibi, samahani. Blanketi hili nimelifuma mimi. Nilikosea nikaficha kosa, na nilipolifumua uzi haukutosha. Ni fupi. Sikutaka uligundue mwenyewe usiku miguu ikipigwa na baridi."

Lazaro akainamisha kichwa. Bibi akanyoosha mkono, akaomba aletewe. Alilipapasa kingo zote nne kwa vidole, polepole, upande huu na upande ule, na hapo nikaelewa kwamba kosa nililotaka kulificha kwenye mshono angeligundua kwa vidole kabla hata sijaketi. Akajifunika mabegani. Akacheka hadi akakohoa.

"Tangu babu yenu alipofariki na mimi nimekuwa nikifupika kila mwaka. Tunalingana! Njoo hapa, mnyalukolo, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyenifanya niamini kwamba mjukuu wangu anaenda kwa watu wa kweli. Mwambieni kaka yake aondoe kichwa kwenye magoti, mke amepata."

Mwanangu, siku hiyo nilikula wali kwa furaha kama sijawahi kula.

Basi nasaha yangu ni hii. Kukosea utakosea, na mara nyingi utakosea kwa sababu ya kile unachokijua vizuri, kama mimi na milulu yangu. Ufundi wa zamani hausemi "nimefika mahali pasipo pangu", unaendelea tu kukaza. Kwa hiyo kila unapoanza kazi mpya, au ndoa mpya, au mji mpya, jiulize mikono yako inavuta nini. Ukiona upana umepungua kidole kimoja, simama. Mwite mtu siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo, wala usiliviringishe kwa sababu watu wanakupongeza. Na usimpe mtu kitu kibovu kwa kutegemea udhaifu wake. Afadhali kilicho pungufu kinachotolewa pamoja na ukweli wake.

Kosa moja haliachi mke, ndivyo wanavyosema, na kwetu sisi kosa moja halikumzuia mke kuja.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie mwalimu mkali mwenye moyo laini, na siku utakaposimama mbele za watu kusema ukweli wako, ukute mbele yako kuna mtu anayejua kucheka.