Shukrani Kwanza

Kazi yangu ni kuwauliza wazee wanaishi vipi. Mwaka huu nilianzia kwenye nyumba zenye bustani, kisha nikashuka Kangemi, mtaa wa maskini. Wenye bustani walinisimulia magoti, presha, usingizi na daktari asiyepokea simu. Kangemi, kila mzee alinijibu, "Niko salama, namshukuru Mungu."

Ofisini mjini bosi wangu akafurahi kwamba maskini wanazeeka vizuri. Nilipandwa na hasira. Mimi nimelelewa na watu hao. Kwetu mgeni akikujulia hali, unamshukuru Mungu kwanza, hata kama umesimama kwa kushikilia ukuta. Kulalamika ni kumsengenya Mungu aliyekuamsha. Nikamwambia bosi swali letu linapima adabu tu, na kwamba nitarudi huko na swali langu mwenyewe.

Nilirudi kwa shosho mmoja, bibi mzee anayeishi na bintiye kwenye chumba cha ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Alinikaribisha akiwa ameketi, akasema yuko salama, anamshukuru Mungu. Sikubishana naye. Nikamuuliza, "Shosho, Jumapili kanisani huwa unakaa upande gani?"

"Mbele kabisa, karibu na kwaya," akasema, uso uking'aa.

Kwaya yenyewe ilikuwa ikifanya mazoezi wakati huo. Kanisa liko ng'ambo ya barabara tu, na tuliisikia vizuri. Akasikiliza kidogo.

"Lakini tangu tuhamie huku juu," akasema, "huwa nafungua dirisha."