Kamera Iliyoshuka Mlima Kichwani mwa Phionah

Saa moja asubuhi, Phionah Kabugho anateremka kuelekea senta ya Kyarumba, magharibi mwa Uganda, akiwa na treyi sita za mayai kichwani. Njia ni nyembamba na inateleza kwa mvua ya jana. Upande wa kushoto kuna bonde, na ukungu umelijaza hadi juu. Mikono yake inaning'inia tu ubavuni. Hashiki chochote.

Mgeni anayemfuata kutoka mjini, mwandishi wa makala haya, ameshaanguka mara mbili.

"Usiangalie bonde," Phionah anamwambia bila kugeuka. "Angalia miguu yangu. Mahali mimi nakanyaga, na wewe ukanyage hapo."

Mayai mia moja na themanini yanafika dukani. Halijapasuka hata moja. Mwenye duka anampa shilingi elfu nne. Phionah anakung'uta ngata yake, anafuta jasho, na kuuliza kama kuna mzigo wa kupandisha.

Hiyo ndiyo kazi ya mwanamke huyu wa miaka thelathini na tisa. Huteremsha kahawa na maharage, hupandisha mabati na mifuko ya saruji ya Hima. Aliianza akiwa na miaka tisa, na huko milimani hakuna anayeiona kuwa ya ajabu.

Lakini waliotazama filamu ya *Siku ya Machela*, iliyojaza kumbi za Kasese na Bwera mwaka huu, wameiona kazi hiyo bila kujua. Humo mna tukio moja la dakika nne na nusu, lisilokatwa hata mara moja: mama mjamzito aliyezidiwa na uchungu anateremshwa mlimani kwenye machela, na picha inamfuata nyuma, imetulia kama maji ya mtungini. Watu wamebishana sana ni mashine gani iliyopiga picha ile.

Haikuwa mashine. Kilikuwa kichwa cha Phionah.

Siraj, mpiga picha wa filamu hiyo na mzaliwa wa Bwera, anacheka anapokumbuka. Kifaa chao cha kutuliza kamera kiliingia maji siku ya pili. Droni haikuweza kupita chini ya migomba. Alipojaribu kuishika kamera mkononi, picha ilirukaruka hadi ikamtia kichefuchefu.

"Tulikuwa tumekaa chini, tumekata tamaa kabisa," anasema Siraj. "Halafu huyu mama anapita na beseni ya maji, imejaa mpaka mdomo. Anateremka pale pale penye mimi nimeangukia. Nikaangalia maji. Haitikisiki! Nikamwambia Hasifa, dada, angalia ile."

Hasifa, mwongozaji wa filamu, alisimama njiani na kumwamkia. Akamuuliza kama anaweza kubeba kamera.

"Iko na kilo ngapi?" Phionah aliuliza.

"Tisa, mama."

"Kilo tisa ni muzigo?"

Aliyeogopa alikuwa mumewe, Nzanzu, mkulima wa kahawa. Alikuwa amesikia kwamba kamera ile ina thamani ya nyumba ya matofali. "Nilimuuliza, ikianguka tutauza nini? Shamba? Watoto?" anasema Nzanzu. Hasifa akamwahidi mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba ikivunjika, hasara ni yake peke yake. Nzanzu akakubali, lakini siku hiyo hakwenda shambani. Alikaa juu ya jiwe, akitazama.

Siraj alitengeneza sinia la mbao, akatandika sponji, akaifunga kamera kwa kamba za mpira. Phionah akajiviringishia ngata mwenyewe. Siraj akafuata nyuma na kioo kidogo cha kuonyesha picha, chini ya mwavuli.

"Nilipoona picha ya kwanza, nikasogeza kioo karibu na macho," anasema. "Mama hageuzi shingo. Anageuza mwili wote, polepole, kama mlango. Nimesoma kazi hii miaka mitatu na sijawahi kuona kitu kama hiyo."

Mara ya kwanza mbuzi alikatiza njia. Mara ya pili ikanyesha. Walipoanza mara ya tatu, jua lilikuwa limebakiza nusu saa, na kesho yake mwigizaji mkuu alikuwa anaondoka. Hapakuwa na nafasi nyingine.

Dakika ya tatu, mbebaji mmoja wa machela aliteleza. Hilo halikuwa kwenye mpango. Machela iliinama na mwigizaji akapiga ukelele, na wa kweli.

Katika filamu, hapo ndipo picha inaposhuka taratibu, kama mtu anayepiga goti, mpaka inakutana na uso wa yule mama. Inakaa naye. Kisha inainuka tena na safari inaendelea. Watazamaji wengi hulia hapo, na wengi huamini ni ufundi wa mwongozaji.

"Mimi sikupanga," Hasifa anakiri. "Nilifunga macho. Nilijua kamera imekwenda."

Phionah alikuwa amepiga goti juu ya jiwe lenye ncha. Alishonwa nyuzi saba siku hiyo hiyo. Anafunua gauni kidogo kuonyesha kovu, kisha anaeleza.

Miaka kumi na minne iliyopita yeye mwenyewe aliteremshwa kwenye njia hiyo hiyo, juu ya machela, na mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika barabarani. Hakulia.

"Siku ile kuna mama mumoja alipiga goti, akashika kichwa yangu," anasema. "Hata jina yake sikujua. Sasa huyu musichana alipolia, nilisahau kama ni filamu. Nilitaka nimushike. Halafu nikakumbuka niko na muzigo. Basi nikabaki pale, namuangalia tu. Nikamwambia ndani ya roho, vumilia, tunafika."

Hadi mwezi wa nne mwaka huu, Phionah hakuwa ameiona picha hata moja. Alipelekwa na Nzanzu kwenye ukumbi mmoja wa Bwera, uliojaa wachuuzi wa sokoni, wengine wamevuka kutoka Kongo. Tukio la machela lilipoanza, alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Mimi miaka yote naangalia mawe. Sijui juu iko nini," anasema. "Kumbe kichwa yangu inapita na migomba, na bonde, na ile mwanga! Nililia. Nilisema, Mungu wangu, njia yangu ni nzuri hivi?"

Mama mmoja Mkongomani aliyekaa pembeni yake alimuuliza kwa nini analia hata kabla mgonjwa hajapiga kelele. Nzanzu ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Ni yeye alibeba hii yote. Kwa kichwa." Watu waligeuka. Wengine walisimama. Mama yule alinyoosha mkono na kumgusa Phionah kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayegusa kitu kitakatifu.

Sasa Hasifa anaandaa filamu nyingine, na safari hii anataka kupanda Rwenzori hadi kwenye theluji. Ameshampigia simu Phionah. Kila jioni, baada ya mizigo ya watu, Phionah anapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yake na mawe ndani ya beseni, ili kifua kizoee kupanda. Anawafundisha wanawake wawili wa jirani waende naye.

Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, huiita theluji ile nzururu, na Phionah hajawahi kuifikia.

"Tangu niko mutoto, mawingu ikifunguka naiona kule juu, nyeupe," anasema, akiinua kidevu kuelekea mlimani, ambako asubuhi hii ukungu haujaachia. "Wanasema inaisha, kila mwaka inapunguka. Mimi nataka niende kabla haijaisha. Kamera ione, lakini safari hii na mimi nitainua macho."