Leso Isiyokatwa

Leso mpya ina harufu yake, ya wanga na rangi ambayo haijaona maji. Nimelala katika miji mingi tangu niache shule, lakini harufu hiyo ikinipata dukani, wenzangu, hujiona tena kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari nyuma ya Mtongwe.

Siku hiyo tulikuwa twaenda kwa Bibi, ng'ambo ya hori, mimi na dada yangu Zuhura, kutwa nzima kwa miguu, kwenda na kurudi. Mama alitutilia kikapuni dumu la maji, kisu, na doti ya leso, vipande viwili ambavyo havijatenganishwa. Leso za kuvaa alizikata na kuzipinda. Ya safari, katu.

"Mama, kwani twahama?" Zuhura akacheka. "Si uikate, tubebe kipande kimoja?"

"Mzigo wa njia hauulizi bega. Beba."

Tulipopita kona, Zuhura aliliacha dumu na kisu kwa jirani. "Nna simu mie. Likitokea la kutokea, ntapiga." Alitaka kuiacha na leso, nikaikumbatia, kwa kuwa ilikuwa mpya na ilinukia.

Tuliporudi jioni maji yalikuwa yashaanza kujaa. Zuhura akakata njia katikati ya mikoko, nami nyuma yake. Nilisikia tope likifyonza, kisha ukelele. Lilikuwa limemshika mapajani, na kila akijaribu kujinasua alizidi kuzama. Simu ilimponyoka, ikamezwa. Maji yalikuja kimya kimya, yakamfika kiunoni.

"Usije, Mwana! Usije, wallahi utazama!"

Nilifunga ncha ya leso kwenye mzizi wa mkoko, fundo la kwanza likafunguka. Nikafunga tena, nikairusha. Ilimfika kwenye ncha za vidole, basi. Akaikamata, akalala kifudifudi, akajivuta huku akilia na kumwita Mama.

Tulifika nyumbani tumejaa tope. Mama hakugomba, wala hakuliulizia dumu. Aliitandaza leso sakafuni na matope yake, akaipapasa hata akafika penye fundo.

"Yetu sisi ilikuwa imekatwa," akasema, akaingia chumbani.

Nilidhani anasikitikia kitambaa. Kila Alhamisi tulimsomea Fatiha mamdogo Rukia, mdogo wake Mama, na hakuna aliyewahi kutuambia alifia wapi. Nilikuwa mtu mzima, nafungasha mkoba katika chumba cha kupanga mbali na kwetu, nilipoyaunganisha hayo mawili: leso ya Mama haikumfika Rukia. Kisha nikatia leso ndani, nzima.