Fundi simu wa Lodwar na mji wa gemu uliohama mara mbili

Saa nne kasoro asubuhi, chumba cha mabati cha Serge Mulonda, mwenye ukumbi wa gemu mjini Kakuma, hakina pa kuweka mguu. Watu wamejaa mpaka mlangoni, shingo zimenyooshwa, na aliye nyuma anauliza aliye mbele, "Amefika? Amefika wapi?"

Katikati yao, Nakaale Abei amekalia jerikeni la njano. Mikono ameibana kati ya magoti, midomo ameifunga. Leo haruhusiwi kusema hata neno moja.

Mbele yake, kwenye skrini, mtu mdogo mwenye kofia nyekundu anatembea kando ya mto. Anayemwendesha ni Nyawal, msusi wa nywele kutoka Sudan Kusini, ambaye hajawahi kucheza gemu maisha yake yote. Ameshika pedi ya kuchezea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani.

"Anti, hiki kifungo cha kuruka ni kipi?" Nyawal anauliza.

Nakaale anatazama dari.

"Usimuulize yeye!" chumba kizima kinapiga kelele. "Soma kurasa!"

Kurasa hizo ndizo zilizomtoa Nakaale Lodwar jana na kumleta hapa. Kabla ya saa sita leo, Nyawal lazima akipate kisima cha mji wa Tolmar katika enzi zote tatu za gemu liitwalo Orvessa, bila kuelekezwa na yeyote, akiongozwa tu na maelezo ya Kiswahili aliyoyaandika Nakaale. Akishindwa, kazi ya mwaka mzima itafutwa, na Nakaale atanyang'anywa ruhusa ya kuhariri.

Mwenye miaka thelathini na minne, Nakaale ni fundi simu katika soko la Lodwar. Anabadilisha vioo, anakausha simu zilizoangukia maji, na kuchaji betri kwa shilingi ishirini. Siku nzuri anaenda nyumbani na unga na mboga. Siku umeme ukikatika tangu asubuhi, anaenda nyumbani na mikono mitupu.

"Umeme ukipotea, wakubwa hawajui, kwao kuna jenereta," anasema. "Sisi tunakaa tu tukiangalia waya."

Alilijua gemu hilo kupitia simu ya mteja mmoja aliyeiacha itengenezwe. Alitaka tu kujaribu kama kioo kinaitika kidole. Kidole kiliitika, na Nakaale hakuinuka tena mpaka mwenye simu aliporudi.

"Alinikuta nimevuka mto, nimeua joka," anakumbuka akicheka. "Akaniambia, mama, hiyo joka imenishinda tangu Krismasi!"

Katika Orvessa, mchezaji hutembea nchi ileile katika nyakati tatu. Kuna Enzi ya Mvua, nchi ikiwa kijani. Inafuata Enzi ya Wafalme, yenye ngome na kodi. Mwisho ni Enzi ya Vumbi, mito ikiwa imekauka na watu wakilala kwenye mahema. Mahali pamoja pana sura tatu, na asiyejua nini kimekuwa nini hupotea.

Wapenzi wa gemu hilo duniani wana tovuti yao, inayoandikwa na wachezaji wenyewe bila malipo. Kila mji una ukurasa wake, pamoja na kila pango na kila daraja. Lakini yote yalikuwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za kigeni. Nakaale, aliyeachia shule darasa la nane, alianza kuyaweka kwa Kiswahili kidogo kidogo, akiwa na simu mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili.

Msaada hakuupata. Lodwar ipo nyumba iliyojengwa ili vijana wajifunze kompyuta. Wenye vyeo walikuja na magari yao marefu, wakakata utepe, wakapigwa picha, wakaondoka na vumbi lao. Leo kufuli la mlango lina kutu. Nakaale hupita hapo kila siku akienda kazini.

"Nilienda kuuliza ufunguo. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa aliyeshika ufunguo amepata uhamisho," anasema. "Nikarudi kwa meza yangu."

Kwenye meza hiyo ndipo alipofanya kosa lililomfikisha Kakuma.

Mji wa Tolmar, katika Enzi ya Mvua, uko kando ya mto. Katika Enzi ya Wafalme watu wake wamehamia mlimani. Katika Enzi ya Vumbi wako kwenye mahema karibu na ziwa la chumvi. Jina ni lilelile popote waendapo. Nakaale aliukuta mji huo umegawanywa kurasa tatu zisizojuana, akaona ni ujinga. Akaziunganisha kuwa ukurasa mmoja unaowafuata watu. Ule wa kando ya mto akaufuta, na aliyeubonyeza akawa anapelekwa moja kwa moja kwenye mahema.

Kwake hilo lilikuwa wazi kama mchana. Baba yake, mzee Abei, alikuwa mfugaji aliyehama na mbuzi na ngamia zake kila nyasi ilipokwisha.

"Kwetu boma ni watu," anaeleza. "Baba akihama, boma imehama. Kule nyuma kunabaki miiba na mavi ya mbuzi. Hakuna mtu anaonyesha pale anasema, ile ni boma ya Abei. Watu watamcheka. Boma ya Abei iko mahali Abei amelala."

Sasa, kisima cha Tolmar hakikuhama. Kilichimbwa mtoni katika Enzi ya Mvua, na kiko hapohapo mpaka Enzi ya Vumbi, kimefunikwa na mchanga. Asiyekipata hamalizi gemu. Na wasomaji wa Nakaale wakawa wanachimba kati ya mahema kama fuko.

Serge alikuwa wa kwanza kupiga simu. Mkimbizi huyu Mkongomani wa Uvira ana skrini nne na pedi nane, na wateja wake wote husoma kurasa za Nakaale. Kabla ya hapo hawakuwa wamewahi kuongea.

"Ejok, mama," alianza, kwa salamu ya kuuliza hali aliyojifunza kwa Waturkana.

"Ejok noi," nzuri sana, Nakaale alijibu.

"Hapana, haiko ejok! Bantu, watu wangu, wanakasirika huku. Banachimba siku mbili, kisima haiko. Weye mama wa Lodwar, kisima ulipeleka wapi?"

"Sikupeleka mahali. Watu wamehama."

"Bantu walihama! Kisima ilipata miguu?"

Wakabishana hadi salio la Serge likakatika. Akaweka lingine, akapiga tena, wakaendelea walipoishia. Siku ya tatu, Serge hakupaza sauti.

"Mama Nakaale, sikia. Mimi nilikimbia Uvira. Bibi yangu Estelle, mama ya mutoto wangu Elyse, kaburi yake iko kule, nyuma ya nyumba. Mimi niko Kakuma, kaburi iko Uvira. Mutu akiandika Uvira imekuja Kakuma pamoja na mimi, nani atajua Estelle analala wapi?"

Nakaale anasema aliweka bisibisi chini akafungua tena ukurasa wa Tolmar, huku mteja amesimama mbele yake anataka chaja.

"Nilijiona nimekosea," anasema. "Lakini pia sikuwa nimekosea yote. Wale watu wa Tolmar, ukiwaacha mtoni peke yake, umewapoteza. Wako hai kwa mahema wanasema sisi ni Tolmar."

Hapo ndipo alipofumbua fumbo. Tolmar ingepewa kurasa mbili. Mmoja wa mahali, usioondoka kando ya mto, wenye sehemu tatu, moja kwa kila enzi: palikuwaje, pakawaje, pamebaki nini. Wa pili wa wenyeji, unaosafiri nao: walikaa wapi, walihamia wapi, wanakumbuka nini. Na kila enzi, kurasa hizo mbili zinaelekezana, ili msomaji aruke kutoka kwa watu kwenda kwenye ardhi yao na kurudi.

Alipanga hivyo miji yote iliyohama katika gemu. Serge alizipima kurasa hizo kwa wateja wake na kumrudishia makosa kwa ujumbe wa sauti, usiku na mchana.

Wasimamizi wa tovuti hawakufurahi. Mkuu wao, anayejiita Bundi na ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura, aliandika kwamba utaratibu huo unachanganya, na kwamba aliyekwisha kufuta ukurasa wa kisima haaminiki tena. Nakaale alijibu kwamba hajakataa kosa lake, lakini je, wasimamizi wenyewe hawakuwahi kufungua gemu wakiwa hawajui kitu? Waandike sheria kwa ajili ya anayepotea, si kwa ajili yao wanaojua njia.

Baada ya mvutano, Bundi alikubali jaribio. Apatikane mtu asiyejua gemu, na zitumwe picha tatu za kisimani, moja kwa kila enzi, kabla ya kura ya wasimamizi kufungwa saa sita leo.

Ndiyo maana leo Nyawal anatoka jasho.

Enzi ya Mvua haikumsumbua. Kisima kiko wazi, chini ya mti mkubwa. Picha ya kwanza inatumwa, chumba kinapiga makofi. Katika Enzi ya Wafalme anapanda mlimani, anasoma ukurasa wa wenyeji, unamwambia watu wa Tolmar hushuka asubuhi kuteka maji kwao kwa zamani. Anamfuata mwanamke mwenye mtungi mpaka mtoni.

"Ona akili!" anapiga kelele mzee mmoja mlangoni. "Anamfuata mwenye kiu!"

Picha ya pili.

Enzi ya Vumbi inampiga mweleka. Nyawal anazunguka mahemani, kila mtu anampa mgongo. Ni saa tano na nusu. Taa ya betri ya sola inageuka nyekundu. Serge anazima feni, kisha anazima skrini nyingine tatu, na wachezaji wake hawalalamiki kwa sababu wote wameshahamia huku.

"Manze, hawa watu hawaongei na mimi," Nyawal analia.

"Soma, dada! Usikae!"

Anasoma kwa sauti, akipapasa maneno: "Bibi kizee wa hema la mwisho... haongei na mgeni... mpaka aulizwe, ninyi mlitoka wapi?"

Anaenda hema la mwisho. Anauliza. Bibi kizee anainuka, anampa kamba na ndoo, na anaonyesha kidole upande wa magharibi.

Chumba kinalipuka. Nakaale amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Lakini magharibi kuna mchanga mtupu. Hakuna mto, hakuna mti. Nyawal anachimba hapa, anachimba pale. Serge ameshikilia waya wa betri kwa mkono kana kwamba mkono wake utaongeza moto.

"Mti uko wapi? Kwa ile Mvua kulikuwa na mti!"

"Rudi kwa ukurasa ya mahali, mama yangu, ya mahali!" Serge anasihi, kisha anajipiga kofi mdomoni maana naye hakuruhusiwa kuelekeza.

Nyawal alishabonyeza kabla hajasikia. Anasoma: "Enzi ya Vumbi. Mti haupo tena. Tafuta kisiki chenye kitambaa cheupe. Chimba upande wa kivuli chake cha asubuhi."

Mtu wa kofia nyekundu anapanda tuta la mchanga, anashuka. Kisiki hiki hapa, kitambaa kinapepea. Nyawal anageuka upande wa kivuli, anachimba mara moja. Mara ya pili, mchanga unaporomoka na maji yanang'aa kwenye skrini nzima.

Kelele zinazotoka humo ndani zinawafanya wapita njia wadhani ni bao la fainali. Nyawal anatupa pedi na kumrukia Nakaale shingoni. Serge anapiga picha, anaituma, duara la kupakia linazunguka, linazunguka, linazunguka. Kila mtu anautukana mnara wa simu na wenye mnara wao. Picha inaondoka dakika chache kabla ya saa sita. Betri inakata roho nyuma yake.

Jibu linaingia kwenye simu ya Nakaale wakiwa nje, chini ya kivuli cha mabati. Mpango wake umepita kwa kura. Kurasa zinabaki, na lugha nyingine zote za tovuti zitafuata mpango huo wa mahali na wenyeji. Chini kabisa Bundi ameongeza mstari: sehemu ya miji na enzi zake, kuanzia leo, iko mikononi mwa Nakaale.

"Yote?" Nyawal anauliza.

"Yote," anasema Nakaale, na sauti inamponyoka. "Hata ile ya Kiingereza!"

Serge hashangilii tena. Amechukua simu na anausoma ukurasa wa Tolmar ya kando ya mto, polepole, kidole kikifuata maneno. Anafika Enzi ya Vumbi. Anasimama kwenye mstari unaosema: Wakazi: hakuna.

"Hii hapana," anasema. "Mama, usiandike hakuna. Andika wenyewe wako wapi."

Nakaale anautazama mstari huo. Kuna mamia ya mahali katika Orvessa yaliyoachwa na watu, na karibu yote yameandikwa hivyo hivyo, na waandishi wa kila lugha, naye akiwa mmoja wao. Simu za wateja zinamsubiri Lodwar na gari linaondoka alasiri.

Anarudi kukaa juu ya jerikeni, anafungua ukurasa, anafuta neno moja na kuandika mengine manne: wako ziwa la chumvi.

"Nitapita kurasa zote," anasema bila kuinua macho. "Kila mahali wamesema hakuna, nitatafuta wamekwenda wapi. Baba Elyse, leta jina la mahali kwingine kuliandikwa hakuna."