Maji ya Jirani wa Juu

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya naibu wa chifu, huku mlimani nje ya mji wa Kisii, majirani wawili walipoingia wakizozana. Mama anayeishi chini ya mteremko alikuwa na matope hadi magotini. Jirani wake wa juu, mwenye fleti mpya, alikuwa amekunja mikono.

"Mama, maji huteremka tu. Si mimi niliyeumba mlima," alisema.

Mama akainua kiganja, akakiinamisha. "Yameteremka tangu niolewe hapa, mwanangu. Lakini yalikuwa yakikuta migomba, inayanywa. Uliing'oa, ukamwaga simiti. Sasa yanakuta kitanda cha wajukuu wangu."

Naibu wa chifu akaamuru uchimbwe mtaro hadi mtoni.

Mwenye fleti akakuna kichwa. "Nitaupitisha wapi? Nimejenga hadi mpakani."

"Pitisha kwangu, kando ya shamba la chai," mama akajibu. "Ila uanze leo."

Jioni niliwaona vibarua wakichimba. Huku kwetu kila anayejenga hutafuta kiwanja chenye mandhari. Mandhari anawakodishia wapangaji. Maji anamgawia jirani wa chini bure.