Dakika Tatu za Shangazi

Shangazi yangu alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo kazi hiyo hajaiacha. Ukiongea na simu ya mkononi mbele yake, hata kama unaongea na mumeo aliyelazwa hospitali, zikitimia dakika tatu atakuingilia: "Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?" Usipojibu, anarudia kwa sauti ya kiserikali. Lazima useme "Tunaendelea" ndipo akuache. Na wala haangalii saa.

Hakuolewa. Anaishi na wazazi wangu, katika chumba cha karibu na jiko, na yeye na mama yangu ni mawifi wa ajabu, maana hawajawahi kununiana zaidi ya siku moja. Wanachaguliana vitambaa, wanapakana dawa ya mgongo, wanamsengenya baba yangu huku mwenyewe ameketi hapo hapo anakunywa chai.

Lakini shangazi ana siri, na kwa bahati yangu mbaya aliniambia mimi. Zamani mama alikuwa fundi wa kushona kwenye duka lenye simu, na wanaume waliomtaka walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mpima ardhi, mtanashati, mdomo wa asali. Alihamishiwa mji mwingine, akaahidi kupiga simu Jumamosi saa kumi ili wazungumze habari za posa. Wa pili alikuwa baba yangu, mwashi, asiyejua aanzie wapi kuongea na mwanamke. Kila wiki alipeleka suruali ile ile ipunguzwe, mpaka ikawa kaptula. Mpima ardhi hakupiga. Mama akangoja Jumamosi tatu, kisha akamkubali mwenye kaptula.

Hivyo ndivyo mama anavyojua. Ukweli ni kwamba mpima ardhi alipiga Jumamosi zote tatu, na aliyekuwa zamu kwenye swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, alikuwa dada yake mwashi. Kwa hiyo mimi na kaka zangu tumezaliwa kwa sababu ya waya uliochomolewa. "Mama yako akijua," shangazi aliniambia, "mimi sina kiti tena katika nyumba ile." Siri hiyo nimeibeba miaka kumi na miwili, nayo imenipa vidonda vya tumbo.

Nilipowapeleka wote watatu kwenye makumbusho ya usafiri na mitambo, nilikuwa na mipango yangu. Baba angeangalia treni, mama angeangalia cherehani za zamani, na shangazi angekaa kwenye benchi avilaumu viatu vyake. Hakuna aliyeniambia kwamba wana chumba cha simu.

Baba aliiona treni ya makaa ya mawe, akagoma kuondoka. Aligonga kila gurudumu kwa kidole, akatikisa kichwa, akahamia la pili. Mama akapotelea kwenye cherehani. Nilipogeuka, shangazi hayupo.

Nilimkuta chumba cha pili, viatu amevua, ameketi mbele ya ubao mrefu uliojaa matundu na nyaya. Kile chombo cha masikioni alikuwa amekwisha kivaa. Watu walikuwa wamemzunguka, na binti mwongozaji alikuwa anawaeleza kwamba waya mmoja bado unafanya kazi: ukipiga simu hapa, inalia kule ukumbi wa treni.

"Maopereta waliunganisha tu," binti aliendelea. "Mazungumzo hawakuyasikia."

"Hatukusikia?" Shangazi alicheka mpaka kiti kikalia. "Mwanangu, mimi nilikuwa najua nani ana mimba kabla ya mumewe!"

Watu wakaangua kicheko, naye akapata moto. "Na mtu ambaye humpendi unamwambia laini imeharibika. Basi, imekwisha. Nani atakwenda kupanda nguzo akague?"

Nilimwashiria kwa macho, kwa mkono, mwishowe kwa mkoba. Hakuniona. Nilipogeuka nyuma, mama alikuwa amesimama mlangoni, midomo ikichezacheza kama anapohesabu vifungo.

"Wifi," alisema, "enzi zile, Jumamosi ulikuwa zamu?"

"Mama, twende tukaione treni," nilidakia.

"Treni haiendi popote. Wifi?"

Shangazi aliweza kuudanganya mji mzima kupitia waya, lakini hajawahi kumdanganya mama uso kwa uso. Kicheko kilimkauka.

"Nilikuwa zamu."

"Saa kumi?"

"Saa kumi."

"Alipiga?"

"Alipiga, wifi. Zote tatu. Ya mwisho alinitukana."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba mvua imeangusha nguzo."

"Wakati wa kiangazi?"

"Nilikuwa msichana, wifi. Hali ya hewa sikuifikiria."

Mtu mmoja alicheka, mkewe akamkanyaga. Hakuna aliyeondoka. Shangazi alikuwa analia sasa, machozi yanadondokea kwenye nyaya za makumbusho.

"Kaka yangu alikuwa anaimaliza suruali," alisema. "Na mimi mwenyewe nilikutaka. Niliona ukiolewa kule mbali, sitakuona tena. Tukirudi nitafungasha vitu vyangu."

Niliogopa kuliko siku niliyokwenda kujifungua. Mama alisogea mezani, akanyanyua mkono wa simu nyeusi iliyokuwa pale, akauweka sikioni.

"Niunganishe."

"Na nani?"

"Si wamesema waya unaofanya kazi ni mmoja? Niunganishe."

Shangazi alichomeka. Tundu hakulikosa. Simu ikalia kule ukumbini, ikalia sana. Kisha sauti ya baba ikatufikia mara mbili, ndani ya simu na kupitia ukutani, maana baba hajawahi kuamini kwamba waya unaweza kufikisha sauti bila yeye kuusaidia.

"HALOO! HAPA NI KWENYE TRENI! MNAMTAKA NANI?"

Mama alimtazama shangazi.

"Nakutaka wewe," alisema.

"MIMI NANI?"

"Wewe mwenye kaptula."

Sauti ya baba ikashuka, na kwa mara ya kwanza hatukuisikia kupitia ukutani. Sijui alisema nini. Mama aliinamisha kichwa akacheka kidogo, akamuuliza kama mgongo haujamuuma kwa kusimama, naye, sauti ikipanda tena, akaanza kumweleza habari za magurudumu, moja baada ya jingine. Mama akaziba simu kwa kiganja.

"Wifi, hii ukiikata utanitambua."

Shangazi alikubali kwa kichwa. Alikaa wima, macho kwenye waya ule, hapepesi. Baba alikuwa amefika gurudumu la sita nadhani, pale sauti ilipomtoka shangazi yenyewe, imejaa kamasi:

"Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?"

Mama alichomoa leso kwenye mkoba, akamsogezea.

"Tunaendelea," alisema.