Nyeupe ya Maziwa

Fundi wetu wa rangi hapa mtaani Biryogo hakuziamini zile karatasi za dukani zenye majina ya rangi kwa Kifaransa. Nyeupe ya sebuleni, alisema, hupimwa kwa maziwa ya nyumba yenyewe. Basi huomba glasi moja, huiinua ukutani kwa vidole vyenye madoa, hufumba jicho moja, huguna, kisha hutia tone la manjano ndani ya kopo, taratibu, kama anayemtia mtoto dawa ya jicho. Hupaka pahali padogo, halafu maziwa huyanywa, maana yakikaa yanadanganya. "Bado iko baridi, Mama Mwamini. Leta ingine."

Kufikia adhuhuri ya Alhamisi ukuta ulikuwa na mabaka sita, na Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Mwamini. Fundi alipotoka kwenda kutawadha, mama akachota rangi kutoka kwenye kopo la fundi mwenyewe, akajaza glasi, akaiweka mezani. Fundi aliporudi kutoka kuswali akaiinua kando ya baka la mwisho, akafumba jicho, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Haifanane hata kidogo, mama. Hii ng'ombe yenu inakula nini?"